Ruzuku ya kuzuia dawa za kulevya: kinga ni kazi moja, habari ni nyingine

SWALI

Katibu wa kikundi cha vijana ametuandikia hivi (nimefupisha kidogo): "Serikali imetangaza ruzuku kwa asasi zinazozuia matumizi ya dawa za kulevya na kuelimisha wananchi. Sisi ni kikundi kidogo kilichosajiliwa, na hatujawahi kupata fedha za umma. Tumepanga kuzunguka shule 20 pamoja na mwenzetu aliyeacha heroini ili atoe ushuhuda, kugawa vipeperushi na fulana, kisha tumalizie kwa matembezi na tamasha. Tunalenga kuwafikia vijana 5,000 kwa miezi 6. Je, kikundi kama chetu kinaweza kupata fedha hizo? Wanaopitia maombi wanaangalia nini hasa? Na mwenzetu, tunaruhusiwa kumlipa kutoka kwenye ruzuku?"

JIBU

Ndugu Katibu,

La kwanza ni jepesi: ndiyo, mnaweza. Programu nyingi za aina hii hutenga fungu la vikundi vidogo, na zisizotenga huwaruhusu kuingia kama washirika wa taasisi kubwa. Udogo wenu hautawaangusha. Kitakachowaangusha ni mpango wenyewe, na nakuambia hivi nikiwa nimekaa upande wa wanaotoa alama. Maandiko yanayofanana na lenu huja kwa rundo kila dirisha la ruzuku linapofunguliwa: shule nyingi, ushuhuda mmoja, fulana, matembezi. Mpitiaji akishasoma matatu, la nne analijua kabla hajalifungua.

Kosa si lenu peke yenu. Limo kwenye jina la ruzuku yenyewe. "Kuzuia matumizi na kuelimisha wananchi" husemwa kwa pumzi moja, mtu akadhani ukishamwelimisha mwananchi umeshazuia matumizi. Umoja wa Ulaya ulikuwa na programu ya namna hiyo kuanzia 2007 hadi 2013, yenye bajeti ya euro milioni 21.35, na jina lake liliunganisha mambo hayo mawili: kinga na habari. Lakini ndani ya sheria iliyoianzisha, malengo yaliandikwa mbalimbali. Lengo moja lilikuwa kuzuia na kupunguza matumizi, uraibu na madhara yake. Jingine lilikuwa kuboresha habari juu ya matumizi ya dawa. Hizo ni kazi mbili, zina wahusika wawili tofauti na vipimo viwili tofauti. Ukiomba fedha za kuwapa watu habari, usiahidi kwamba matumizi yatapungua. Ukiahidi kwamba matumizi yatapungua, usitegemee habari peke yake. Ukilishika hili tu, andiko lako litapanda ngazi kadhaa kabla hujagusa bajeti.

Pengine unajiuliza ushahidi uko wapi. Uko mwingi, na umegharimu fedha nyingi za walipa kodi wa nchi mbalimbali. Nitakaa kidogo kwenye mfano mmoja, kwa sababu ndio unaotajwa zaidi kwenye meza za waamuzi.

Mwaka 1998 Marekani ilianzisha kampeni ya kitaifa ya matangazo ya kuwaepusha vijana na dawa za kulevya. Haikuwa kampeni ya mabango mawili matatu. Bunge lilitenga zaidi ya dola bilioni 1 ndani ya miaka michache, na vyombo vya habari vilivyouza muda wa matangazo vilitakiwa kuchangia muda mwingine wa bure wa thamani hiyo hiyo. Jambo la busara lilikuwa hili: sehemu ya fedha iliwekwa kando tangu mwanzo kwa ajili ya tathmini huru. Watafiti waliwahoji vijana wa miaka 9 hadi 18 pamoja na wazazi wao, wakawarudia wale wale kwa awamu kuanzia mwishoni mwa 1999 hadi katikati ya 2004. Ujumbe ulifika, tena sana. Asilimia 94 ya vijana walisema wanakutana na ujumbe dhidi ya dawa za kulevya angalau mara moja kwa mwezi, na kijana wa kawaida aliona matangazo mawili hadi matatu kwa wiki. Hakuna asasi yoyote ndogo itakayofikia kiwango hicho.

Na matokeo? Hakuna dalili kwamba matangazo yalipunguza matumizi ya bangi. Baya zaidi, kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya vijana walioyaona sana walianza kuwa na mtazamo mwepesi zaidi kuhusu bangi kuliko wenzao walioyaona kidogo. Maelezo ambayo watafiti waliyatoa yana mantiki: kijana anayeambiwa kila siku "usitumie" huanza kuamini kwamba kila mtu anatumia, la sivyo mbona serikali inahangaika hivi? Wazazi walizungumza zaidi na watoto wao baada ya kuona matangazo, hilo lilionekana, lakini halikuteremka hadi kwenye tabia ya watoto. Mwaka 2006 ofisi ya uwajibikaji ya serikali, ile inayolikagulia Bunge, ilishauri fedha za kampeni zipunguzwe hadi wahusika walete ushahidi kwamba inafanya kazi.

Sasa lishike andiko lako mkononi ujiulize: ikiwa matangazo yaliyomfikia karibu kila kijana wa nchi nzima, kila wiki, kwa miaka, hayakupunguza matumizi, saa moja ya ushuhuda kwenye uwanja wa shule italeta nini?

Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilikusanya utafiti wa aina hii ikatoa viwango vya kimataifa vya kinga mwaka 2013, na toleo la pili likatoka 2018 kwa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Wapitiaji makini wanavijua. Upande wa shule, viwango hivyo vinataja waziwazi mambo yanayoenda na matokeo sifuri au mabaya: mihadhara isiyo na mazungumzo, kutoa habari peke yake na hasa za kutisha, kujenga kujiamini tu bila stadi nyingine, kuwatumia polisi kama walimu wa somo hilo, na kuwaleta watu walioacha dawa ili watoe ushuhuda. Ndiyo, ushuhuda umetajwa. Najua linauma, kwa sababu mwenzenu ana nia njema na hadithi yake ni ya kweli. Lakini fikiria anachokiona mtoto wa miaka 13. Anamwona mtu aliyetumia heroini kwa miaka, kisha akaacha, na leo amesimama mbele ya shule nzima ameshika kipaza sauti, walimu wanampigia makofi. Wewe umekusudia "usiingie humo". Yeye amesikia "unaweza kuingia na ukatoka".

La polisi nalo lina historia yake. Programu ya DARE ilianza Los Angeles mwaka 1983, askari wakiingia darasani kufundisha, ikaenea karibu nchi nzima ya Marekani na nje yake. Tathmini baada ya tathmini katika miaka ya 1990 zilionyesha watoto waliofundishwa hawakutofautiana na wasiofundishwa katika matumizi ya baadaye. Programu iliendelea kupendwa na wazazi, wakuu wa polisi na wanasiasa, hadi mwaka 2009 ilipochukua mtaala tofauti kabisa. Kupendwa na kufanya kazi ni vitu viwili.

Na hapa niseme kidogo kuhusu wafadhili, maana nao hawako safi. Matembezi yanapigwa picha. Kiongozi anatangulia mbele, bendi inapiga, gazeti la kesho linapata ukurasa. Mwalimu aliyebadili namna ya kuongoza darasa lake hapigwi picha na mtu yeyote. Ndiyo maana kila inapokaribia tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987, fedha za kinga huyeyuka kwenye mahema, maspika na fulana. Ukiambiwa na ofisa fulani kwamba "shughuli ionekane", jua anazungumzia haja yake, si ya watoto. Mpe siku moja ya kuonekana, kwa gharama ndogo, usimpe mradi mzima.

Basi nini kinafanya kazi? Cha kushangaza ni kwamba vitu vyenye ushahidi mzuri mara nyingi havitaji dawa za kulevya hata kidogo. Ulio bora kwangu ni mchezo wa darasani uliobuniwa Marekani, ukaandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Mwalimu wa darasa la kwanza anagawa watoto katika timu. Kanuni chache za mwenendo zinabandikwa ukutani. Kwa muda mfupi, labda dakika 10 mwanzoni, timu inayovunja kanuni mara chache inashinda, na timu zote zinaweza kushinda kwa pamoja, hivyo watoto wanaanza kusaidiana kutulia badala ya kushitakiana. Siku zinavyokwenda muda unaongezwa. Ni hivyo tu. Huko Baltimore, katikati ya miaka ya 1980, ulijaribiwa kwa utaratibu wa kulinganisha madarasa, na watoto wakafuatiliwa hadi wakawa vijana wa miaka 19 hadi 21. Wavulana waliokuwa wakorofi zaidi walipoanza shule, wale ambao kwa kawaida ndio huishia pabaya, walikuwa na matatizo machache zaidi ya dawa kuliko wenzao ambao darasa lao halikucheza. Hakuna aliyewaambia watoto wa miaka 6 neno lolote kuhusu heroini.

Kwa watoto wakubwa kidogo, miaka 12 hadi 14, kuna mitaala ya stadi za maisha: kukataa bila kupoteza marafiki, kufanya uamuzi, kudhibiti hasira na wasiwasi, kugundua kwamba wenzako wanaotumia ni wachache kuliko unavyodhani. Mmoja wa aina hiyo, Unplugged, una vipindi 12 vinavyofundishwa na walimu waliopewa mafunzo, na ulijaribiwa katika nchi 7 za Ulaya kwa mafanikio ya wastani, hasa kwenye ulevi wa pombe na bangi. Kisha Brazil ikauchukua, ikaurekebisha, ikausambaza kwa fedha za serikali. Ulipopimwa katika shule 72 za miji 6, wanafunzi waliofundishwa walianza kunywa pombe zaidi kuliko ambao hawakufundishwa. Mtaala ulikuwa ule ule kwa jina, lakini ulikuwa umebadilishwa, na mazingira yalikuwa mengine. Kwa hiyo mpitiaji akikuuliza "hii imejaribiwa wapi, na ninyi mmebadilisha nini?", hakuchokozi. Anakumbuka mambo kama hayo.

Iceland huenda umeshaisikia, maana kila mkutano wa kinga siku hizi una mtu anayeitaja. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya siku 30 zilizopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Waliowahi kutumia bangi walishuka kutoka asilimia 17 hadi 7. Fedha ya umma ilikwenda kwenye michezo na muziki baada ya saa za shule chini ya makocha waliosomea kazi hiyo, kwenye kupunguzia familia ada za vilabu hivyo, kwenye kuwaunganisha wazazi wa kila shule ili wakubaliane saa za watoto kurudi nyumbani, na kwenye dodoso la mara kwa mara ambalo matokeo yake hurudishwa shuleni haraka ili yatumike. Mimi huwa natahadharisha kidogo: unywaji wa vijana ulishuka katika nchi nyingine za Ulaya pia katika miaka hiyo, na hakukuwa na Iceland ya pili ya kulinganisha nayo. Lakini angalia walichokinunua: muda wa mtoto, mtu mzima wa kuwa naye, na takwimu. Vipeperushi havikuwa moyo wa mpango huo.

Haya, habari je? Tuitupe? Hapana kabisa. Habari ni huduma halali ya kuombea fedha, ila mlengwa wake ni mwingine. Mama aliyekuta karatasi ya sigara yenye unga kwenye mfuko wa mwanawe hahitaji kipeperushi kinachomwambia dawa za kulevya ni hatari. Hilo analijua, na usiku huo halali. Anahitaji kujua apige simu wapi, kliniki iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, inalipiwa au haitozwi, mwanawe akijitokeza atakamatwa au hatakamatwa, na afanye nini akimkuta amezidisha dozi na hapumui vizuri. Anayetumia tayari anahitaji kujua kwamba kuna shehena chafu imeingia sokoni. Uholanzi tangu 1992 ina mfumo wa kupima sampuli zinazoletwa na watumiaji wenyewe, na kikipatikana kitu cha kuua onyo linatolewa. Uingereza tangu 2003 ina huduma ya serikali, FRANK, yenye simu na tovuti ambako kijana au mzazi anauliza bila kuhojiwa yeye ni nani.

Huduma kama hizo zipime kwa kile zinachofanya: simu ngapi zilipokelewa, wangapi walioelekezwa walifika kliniki kweli, taarifa za huduma zimesahihishwa lini mara ya mwisho. Ukiandika kwamba orodha ya kliniki itapunguza matumizi ya bangi shuleni, umeharibu ombi zuri kwa ahadi usiyoihitaji.

Sasa tuingie ndani ya andiko. Kwenye barua yako kuna sentensi ambayo nadhani ndiyo itakayokaa kwenye ukurasa wa kwanza: vijana 5,000, shule 20, miezi 6. Mpitiaji atafanya hesabu papo hapo. 5,000 gawanya kwa 20 ni 250 kwa kila shule. Wanafunzi 250 hawaingii darasani, kwa hiyo ni uwanjani, kwa hiyo ni mara moja, kwa hiyo ni mhadhara. Hajafika ukurasa wa pili na ameshajua alama atakayotoa. Jaribu hivi badala yake:

"Katika shule 2, walimu 8 watapata mafunzo ya siku 3, kisha watafundisha vipindi 12 vya stadi za maisha, kimoja kwa wiki, kwa wanafunzi wapatao 320 wa miaka 12 hadi 14. Tutaripoti vipindi vilivyofundishwa kikamilifu, wanafunzi waliohudhuria angalau vipindi 10, na majibu ya dodoso lisilo na majina kabla na baada ya mradi, yakilinganishwa na shule 2 ambazo zitapokea vipindi hivyo hivyo mwaka unaofuata."

Vijana 5,000 wamekuwa 320, na najua mkutano wa kikundi utanung'unika. Waambie alama zitapanda. Shule mbili za kungojea zimekupa kitu ambacho maandiko mengi makubwa hayana, yaani cha kulinganisha nacho, na hakuna mtoto aliyenyimwa chochote, amechelewa tu. Walimu wanabaki shuleni fedha ikiisha, kwa hiyo swali la uendelevu umeshalijibu bila ile sentensi ya "tutaendelea kutafuta wafadhili", ambayo kila mpitiaji anaijua kwa moyo. Na hukuahidi kupunguza heroini. Usiahidi. Watoto wa miaka 12 karibu wote hawatumii heroini, na kitu ambacho hakipo huwezi kuonyesha kwamba umekipunguza kwa miezi 6. Pima vilivyo karibu: wamewahi kuonja pombe au tumbaku, wanadhani wenzao wangapi wanatumia, wangejibuje wakishawishiwa.

Dodoso liwe halina jina kweli, si kwa maneno. Mwalimu wa zamu asipite kati ya madawati akichungulia, karatasi ziingie kwenye bahasha inayofungwa mbele ya wanafunzi, na mkuu wa shule akubali kwa maandishi kwamba hataomba kuona majibu. Vinginevyo watoto watadanganya, au atapatikana mmoja mkweli na kufukuzwa shule kwa sababu ya mradi wenu. Ridhaa ya wazazi ipatikane mapema. Ikichelewa, dodoso la "kabla" linajikuta linajazwa baada ya kipindi cha tatu, na tathmini imekufa.

Kuhusu bajeti sitasema mengi, kwa kuwa kila programu ina mwongozo wake na mnapaswa kuusoma mstari kwa mstari. Ila mitego ya vikundi vidogo ni ile ile kila mahali. Gharama mlizoingia kabla ya kusaini mkataba kwa kawaida hazilipwi, hata kama ni halali. Awamu ya mwisho ya fedha mara nyingi hutoka baada ya ripoti kukubaliwa, maana yake kuna wiki au miezi ambayo mtalipa watu kutoka mfukoni. Kama mfuko hamna, semeni mapema na muombe malipo ya awali yawe makubwa zaidi. Risiti ziwe na jina la kikundi, si la mwenyekiti. Fungueni akaunti ya mradi peke yake. Ruzuku ya umma haikusudiwi kuleta faida, kwa hiyo mkitoza kiingilio kwenye tamasha, kiingilio hicho ni mapato ya mradi na kitahesabiwa.

Kisha kuna mchango wenu. Programu nyingi hazilipi asilimia 100. Marekani ina ruzuku ya miungano ya jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1997, inayotoa hadi dola 125,000 kwa mwaka na inayoweza kufikia miaka 10. Muungano lazima uwe na wawakilishi wa sekta 12, kuanzia vijana na wazazi hadi wafanyabiashara, polisi, viongozi wa dini na watoa huduma za afya, na lazima ulete mchango unaolingana na ruzuku, ambao kiwango chake kinaongezeka miaka ya mwisho. Jambo la kufariji ni kwamba mchango huo si lazima uwe fedha taslimu. Saa za kujitolea, ukumbi wa bure, vyote vinathaminiwa na kuhesabiwa. Kama mwongozo wenu unaruhusu vivyo hivyo, anzeni leo kuweka daftari la saa za wanaojitolea, lenye tarehe, kazi na sahihi. Nimeona vikundi vinavyofanya kazi kubwa ya kujitolea vikikosa mchango kwenye karatasi kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Mkiona mzigo wa hesabu ni mzito, ingieni kama washirika wa chuo cha ualimu au idara ya afya. Hakuna aibu. Sharti ni moja: muwe na mstari wenu kwenye bajeti na makubaliano yaliyosainiwa yanayosema nani analipwa lini. Mshirika asiye na mstari wa bajeti huitwa siku ya ufunguzi na siku ya picha.

Fulana ziondoeni. Kipeperushi kibaki kimoja, cha wazazi, chenye namba za simu na saa za kliniki, na nafasi ya kubandika marekebisho namba zikibadilika.

Nimemwacha mwenzenu mwisho kwa makusudi. Ndiyo, anaweza kulipwa, na kwa maoni yangu ndiye mtu mwenye thamani kubwa kuliko wote katika kikundi chenu, ila si mbele ya watoto wa shule. Viwango vile vile vinavyokataa ushuhuda darasani havikatai kazi ya watu wenye uzoefu kwa watu wanaotumia sasa. Yeye anajua maskani ziko wapi, anaaminika huko, anajua ni siku gani mtu yuko tayari kusikia habari ya matibabu. Awe mwelimishaji rika upande wa habari: anawafikia watumiaji, anamsindikiza mtu hadi kliniki siku ya kwanza, anakaa na walimu na wazazi kuwaeleza mtu anavyopokelewa kule na nini kinamfanya akimbie. Kama kuna simu ya msaada, aipokee.

Mwandikieni mkataba wa ajira wenye mshahara, majukumu na msimamizi. Posho ya bahasha baada ya kila tukio ni mbaya kwa ukaguzi na mbaya zaidi kwake, maana inamlipa kwa kadiri anavyorudia siku zake mbaya zaidi. Kama yuko kwenye methadoni (dawa anayopewa kliniki kutibu uraibu wa heroini) au matibabu mengine, saa za kazi zipangwe kuzunguka saa za kliniki, na mkataba useme kwamba akirudia matumizi atasaidiwa kurudi kwenye matibabu na kazi yake itashikwa na mwingine kwa muda. Picha yake isiwekwe kwenye bango wala mtandaoni kwa sababu tu alikubali siku moja kwenye mkutano. Ridhaa iwe ya maandishi, na ajue kwamba bango linaweza kushushwa lakini picha ya mtandaoni hairudi.

Swali lililobaki ni kama mwongozo wa ruzuku yenu unahesabu mshahara wake kama gharama ya mtumishi au kama huduma ya kununuliwa kutoka nje, kwa sababu kila kimoja kina ukomo wake na nyaraka zake. Hilo msilikisie. Waulizeni kwa maandishi kabla dirisha la maswali halijafungwa, na barua yao ya majibu iwekeni kwenye faili la mkataba, kwa kuwa ndiyo mkaguzi atakayoiomba.